Vidonge vya mimea na makunyanzi

Dada, umeuliza kama vidonge vya laikopini na betakarotini (ile rangi ya chungwa ya karoti) vinaweza kuchelewesha makunyanzi usoni. Kuhusu laikopini, ile rangi nyekundu ya nyanya, upo ushahidi kiasi: katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2001, watu waliokula gramu 40 za nyanya ya kopo pamoja na mafuta ya zeituni kila siku kwa wiki 10 walipata wekundu mdogo zaidi wa ngozi walipomulikwa kwa miale ya urujuanimno (ile ya jua inayounguza ngozi) kuliko waliopewa mafuta peke yake. Hata hivyo, kilichopimwa ni wekundu, si makunyanzi, na walichokula ni chakula, si kidonge. Kwa kuwa laikopini huyeyuka katika mafuta, nyanya zilizokaangwa na vitunguu hadi mafuta yakaelea juu huupatia mwili laikopini kwa urahisi kuliko kachumbari.

Vidonge vya betakarotini visiguswe kabisa na anayevuta sigara. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 1994, uliohusisha wavutaji wanaume zaidi ya 29,000, ulionyesha kwamba waliomeza miligramu 20 kwa siku waliugua saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wasiomeza. Karoti na viazi lishe vya mezani havimo katika onyo hilo.

Ama chupa iliyoandikwa "kolajeni ya mimea", isome vizuri upande wa nyuma, kwani mimea haitengenezi kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara. Mara nyingi utakuta vitamini C tu, ambayo hata pera inayo tele.