Si lazima ushike Kitabu

Nairobi

Mwanangu,

Umeniuliza: umeitwa kutoa ushahidi katika mahakama ya Milimani, na dini uliiacha, sasa utaapa kwa nani?

Huapi, unathibitisha, yaani unaahidi kusema kweli bila kumtaja Mungu. Sheria ya viapo ya Kenya, Sura ya 15, kifungu cha 15, inakuruhusu. Ila ni lazima utaje sababu, na zinazokubalika ni mbili tu: huna imani ya dini, au dini yako inakataza kuapa. Ukisema "sitaki" ukanyamaza, hujatimiza sharti. Karani ana haraka, na akishakuuliza dini anakunyoshea Biblia au Kurani. Kabla hujaipokea, mgeukie hakimu: "Mheshimiwa, sina imani ya dini. Naomba kuthibitisha badala ya kuapa." Basi, usianze mjadala. Kushika Kitabu usichokiamini ni kuwakosea wanaokiamini, nawe pia unajikosea.

Sentensi hiyo fupi imegharimu watu. Mwaka 1857, London, Baron de Gleichen alimshtaki mwizi akanyimwa haki kwa kuwa alisema hamwamini Mungu. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alionyesha ubovu wa kanuni hiyo: asiyeamini aliye mwongo angeapa tu na kusikilizwa, anayefukuzwa ni yule aliyekataa kudanganya. Mashahidi walifunguliwa mlango mwaka 1869, Bunge, ambako wabunge nao walitakiwa kuapa, likabaki limefungwa. Charles Bradlaugh, asiyemwamini Mungu, aliyechaguliwa mbunge wa Northampton mwaka 1880, aliomba kuthibitisha, wakamkatalia. Akakubali kuapa, wakamkatalia hata hilo, na usiku mmoja wakamfungia katika mnara wa saa wa Bunge lenyewe. Kiti kikitangazwa wazi, wapiga kura wanamrudisha: 1881, 1882, 1884. Aliruhusiwa kuapa Januari 1886, na sheria ya viapo ya Uingereza ya 1888 ni kazi yake. Isome kando ya kifungu chetu: sababu ni zilezile mbili, karibu neno kwa neno.

Uthibitisho si kiapo chepesi. Una nguvu ileile, na ushahidi wa uongo adhabu yake hufika kifungo cha miaka 7. Na ukishikwa na woga ukaapa, usiseme baadaye kwamba hakikukufunga kwa kuwa huamini. Kiapo hicho ni halali.

Wakili akikuandalia hati ya kiapo, yaani ushahidi wa maandishi, mwambie mapema. Nyingi huanza na "naapa" tayari. Aandike "nathibitisha" kabla hujaipeleka kwa kamishna wa viapo anayeishuhudia, maana ukishaweka sahihi itabidi iandikwe upya.

Mamako