Testi ya debaga ikianguka mara moja moja, usiongeze sekunde

Bandugu wote mnaoandika testi za debaga (chombo cha kusimamisha programu na kutazama ndani yake) kwa programu zenye tredi nyingi (njia za kazi zinazotembea pamoja ndani ya programu moja), nawaomba jambo moja: testi ikianguka leo, kesho ikapita, msiirudilie tu mpaka ipite halafu mkaendelea na kazi. Ndivyo batu wengi wanafanyaka. Hapa Bukavu kuna mdogo wetu ninafanya naye kazi, testi ikigoma anaianzisha upya, inapita, ananiambia "Yaya, si unaona iko sawa, mashine ilikuwa imechoka tu." Namjibu kila mara kwamba hapo kuna tredi imemwahi mtu, na sisi kazi yetu ni kujua imemwahi nani.

Juu wanaokimbizana pale wako watatu. Kuna tredi za programu yenyewe, Linux ndiyo inaamua ipi iende kwanza. Kuna debaga, tuseme GDB, inashika kila tredi kwa ptrace (njia ya Linux ya kushika programu nyingine) na kungoja habari zake. Halafu kuna skripti inayosoma maneno ya debaga na kuyalinganisha na yale inayotazamia (kwa GDB skripti hizo ni za lugha ya Tcl, zinatembea na vyombo vya testi DejaGnu na Expect, na zile za tredi ziko kwenye folda gdb.threads).

Anzeni na programu, hapo ndipo makosa mengi yanalala. Mtu anataka tredi 10 ziwe zimeanza kabla ya kuandika info threads (amri ya GDB ya kuorodhesha tredi), anaweka sleep(2), yaani kungoja sekunde 2, kwenye main (sehemu programu inapoanzia), kwake inatosha. Sasa leta hiyo kwenye laptopu yangu jioni, umeme umekatika, niko kwa batri, prosesa imepunguza mwendo na pembeni kuna kompileta inakula nguvu zote, tredi mbili tatu hazijaanza bado na testi inaanguka. Mtu anaweka 5, baadaye 10, na testi zote zikiwa hivyo utakaa unangoja mpaka usiku na bado hauna uhakika. Toa sleep. Weka pthread_barrier_t (kizuizi kinachongoja wote wafike) ya 11, tredi 10 pamoja na main, kila mmoja aite pthread_barrier_wait, brekipointi (alama ya kusimamisha programu) ikae baada ya hapo. Mashine iwe ya haraka au ya polepole, hakuna anayepita kabla wote hawajafika. Na weka kizuizi cha pili mbele, la sivyo zile za haraka zitamaliza kazi na kufa kabla hujazihesabu. Ongeza na alarm(60), inayoua programu baada ya sekunde 60, debaga ikianguka programu isibaki inazunguka peke yake inamaliza batri.

Skripti nayo inadanganyaka. Maneno ya debaga yanafika vipande vipande, ukilinganisha na kipande cha kwanza tu, mabaki yanaingia kwa testi inayofuata, na hiyo ndiyo inaonekana FAIL wakati haina kosa lolote. GDB iko na make check-read1, inalazimisha kusoma baiti moja moja, tabia hiyo inajitokeza haraka. Pia usiandike kwamba lazima Thread 2 ndiyo itafika kwanza kama programu yako haikulazimisha hivyo.

Ukisafisha hizo mbili, sasa kosa la debaga lenyewe ndilo linabaki, na hapo ndipo mimi napenda sana. Kwenye x86 brekipointi ni baiti 0xCC imewekwa juu ya maagizo ya kweli. Tredi ikishasimama pale, ili iendelee debaga inaweza kurudisha maagizo ya zamani, kuisogeza hatua moja, kisha kuweka 0xCC tena, na katika nafasi hiyo ndogo tredi nyingine ikiachwa inatembea inapita bila kusimama. Ndiyo maana debaga inasimamisha zingine kwanza, ao inatekeleza nakala ya yale maagizo mahali pengine. Unapimaje kama inafanya vizuri? Tredi zote zipite kwenye mstari mmoja mara nyingi, kila moja iongeze kaunta ya atomiki (isiyopoteza hesabu hata tredi zikiongeza pamoja), kwa debaga uandike ignore 1 1000000 (brekipointi ya 1 ihesabu tu bila kusimama), mwishoni info breakpoints ikuambie imegonga mara ngapi. Kaunta ikisema 4000 na debaga ikisema 3998, umeshaipata.

Rudilia yote hayo kwa taskset -c 0 (inabana kila kitu kwa prosesa moja), halafu kwa mashine iliyojaa mzigo, uache inazunguka usiku kama umeme upo. Set debug infrun on itakuonyesha debaga ilivyoamua kwa kila tredi, ila inabadilisha mwendo na kosa linaweza kujificha, kwa hiyo zungusha kwanza bila hiyo. Na ikianguka, kabla ya kugusa kitu nakili gdb.log (faili la maneno yote ya testi) kwa jina lingine, juu ukianzisha testi tena inaandikwa upya na ile ya kosa imeenda.