Jibu: Mpira unanipita kabla sijauona

Salama ndugu. Unasema ukicheza MLB The Show, gemu ya besiboli, mpira unakupita na alama za kwenye skrini zinakuchanganya. Kagua runinga kwanza: washa hali ya gemu, maana runinga nyingi huchelewesha picha. Kwenye banda letu la gemu hapa Nkuhungu, Dodoma, hilo peke yake liliwasaidia wengi.

Kwenye kupiga, ndani ya MLB The Show chagua kamera ya Strike Zone, inakusogeza karibu na mpira unauona mkubwa. Alama ya kulengea, PCI, ibakishe kitone cha kati tu, rangi ya njano. Ukijaza miduara yote inayokizunguka utaangalia miduara, mpira upite! Macho yabaki mkononi mwa mrushaji.

Kurusha, anza na njia ya Pulse, yenye duara linalotanuka na kusinyaa: bonyeza duara likisinyaa kabisa. Njia ya Pinpoint, ya kuchora umbo kwa kijiti cha kidhibiti, baadaye.