Xeon au Core kwa video za harusi?

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu wa Chake. Umeuliza uchukue prosesa (ubongo wa kompyuta) gani ya Intel, Xeon w5-2465X au Core Ultra 7 265K, kwa kuhariri video za harusi za 4K. Chukua Core, wala usijione umepungukiwa.

Umesema kamera yako inarekodi H.265 (namna ya kubana video) ya biti 10, 4:2:2, yaani yenye rangi nyingi zaidi. Faili hizo ndizo zinazokwamisha mashine. Core hiyo ina kadi ya picha ya ndani yenye Quick Sync, sehemu maalumu ya kufungua video, inayozifungua kwa wepesi; Xeon hiyo haina kadi ya ndani kabisa. Utalipa pesa nyingi, na ukivuta mshale wa video hadi pale bibi harusi anapoingia ukumbini, picha huenda bado ikagandaganda.

Sifa za Xeon ni za kweli: njia 64 za PCIe (za kuunganishia kadi na diski), chaneli 4 za RAM, na RAM ya ECC inayosahihisha makosa. Zinamfaa mwenye kadi za picha tatu au anayehitaji RAM mamia ya GB. Na ukiitaka ECC tu, hata 265K inaikubali kwenye ubao mama wenye chipu za W880.

Halafu kuna joto letu hili. Kwa nguvu ya msingi, Xeon imekadiriwa wati 200, Core wati 125, na umeme ukikatika UPS (betri ya akiba) ndiyo inayobeba mzigo. Pesa itakayobaki nunua RAM ya GB 64, SSD ya NVMe (diski ya kasi) na UPS ya maana.

Zile Xeon E5 za zamani za mtumba zisikuvutie kwa urahisi wa bei. Viini vingi, kasi ndogo.