Wanaochuma ili watoe ni wachache

Ndugu, umeuliza kama wafuasi wengi wa effective altruism, yaani harakati ya kutumia ushahidi ili kuwasaidia wengine kwa ufanisi zaidi, hukimbilia kazi za mshahara mnono ili wapate cha kutoa. Hapana, ni wachache. Sifa hiyo imetokana na miaka ya mwanzo: shirika la 80,000 Hours, lililoanzishwa Oxford mwaka 2011, lilivuma kwa kuwashauri vijana waingie kwenye mabenki, wachume, kisha watoe. Magazeti yakaipenda hadithi hiyo, na nani asingeipenda? Lakini kufikia 2015 mmoja wa waanzilishi, William MacAskill, alishaandika kwamba njia hiyo inawafaa watu wachache tu kwa muda mrefu. Matajiri kama Dustin Moskovitz wa Facebook walishaingiza fedha nyingi mno kwenye harakati hiyo; kilichoadimika ni watu wa kufanya kazi yenyewe. Halafu mwaka 2022 ikaanguka FTX, soko la sarafu za kidijitali la Sam Bankman-Fried, aliyekuwa mfano maarufu kuliko wote wa wanaochuma ili watoe.

Ila usiwachanganye na walioahidi kutoa asilimia 10 ya kipato kupitia shirika la Giving What We Can. Hao ni maelfu, na hata mwalimu au nesi anaweza kuahidi bila kubadili kazi.