Vidole Huokolewa Mashine Ikiwa Imezimwa

Vijana wanaoniomba ushauri kuhusu mashine za useremala huuliza karibu wote jambo lilelile: mkono ukae wapi wakati ubao unapita kwenye diski, yaani lile duara la chuma lenye meno ya msumeno. Swali ni zuri, ila linakuja limechelewa. Diski ya milimita 250 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika hupitisha meno yake kwa mwendo wa takriban mita 52 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 190 kwa saa, na hakuna binadamu, awe mwepesi kiasi gani, anayewahi kuondoa kidole baada ya kuiona hatari. Nimefanya kazi Keko, Dar es Salaam, ambako karakana za samani zimebanana hata vumbi la huyu huingia kwenye vanishi ya yule, na nimeona kwamba kinachomwokoa fundi ni yale aliyoyatengeneza kabla hajagusa swichi.

Nianze na mashine yenyewe. Meza nyingi za kupasulia mbao katika karakana zetu hazikutoka kiwandani. Zimechomelewa na fundi wa vyuma, zikafungwa mota, mkanda na puli mbili, yaani magurudumu ambayo mkanda hupita kutoka kwenye mota hadi kwenye diski. Sina ugomvi nazo, kwa sababu nyingine ni imara kuliko zile nyepesi za dukani. Ninachokagua kwanza ni puli. Mota ya kawaida ya umeme wetu wa hezi 50 huzunguka ama karibu mara 1,440 au karibu mara 2,850 kwa dakika, na ukiifunga hiyo ya pili puli yenye kipenyo mara mbili ya puli ya diski, diski itazunguka karibu mara 5,700. Diski nyingi za milimita 400 zimeandikwa kikomo kilicho chini ya hapo. Kwa hiyo, kabla ya kununua diski kubwa eti ipasue magogo manene, piga hesabu ya puli zako, kisha usome namba iliyochapwa ubavuni mwa diski. Kama namba hiyo imefutika, usiinunue, hata ukipunguziwa bei.

Jambo la pili ni swichi, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mashine hizi mara nyingi hufungwa swichi ya kawaida, ya aina ileile inayowasha taa ya sebuleni. Umeme unakatika katikati ya kazi, diski inasimama, fundi anaacha swichi ilivyo na kwenda kunywa chai. Msaidizi wake anaona hiyo ndiyo nafasi ya kuondoa maranda yaliyonasa chini ya meza, anaingiza mkono, na umeme unarudi. Mashine haijui kwamba kuna mtu, inaondoka ilipoishia. Dawa yake inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme: stata (swichi ya kuwashia mota) yenye kontakta, kiungo cha ndani kinachoshikiliwa na umeme wenyewe, ile ya vitufe viwili, kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Umeme ukikatika, kontakta huachia, na umeme ukirudi mashine hubaki imelala mpaka mtu abonyeze kijani kwa kukusudia. Kama fedha ya stata bado haijapatikana, basi iwe sheria ya karakana kwamba umeme ukikatika, swichi inazimwa na plagi inachomolewa kabla ya mtu yeyote kupiga hatua. Vivyo hivyo unapobadilisha diski: mimi humtaka anayebadilisha aichomoe plagi na kuiweka mahali anapoiona, si kumwachia mwingine ailinde.

Sasa tuje kwenye ubao unaorudi nyuma, ambao huumiza hata fundi aliyeweka mikono mbali na diski. Chukua ubao wa msonobari ambao haujakauka vizuri, kama zinavyoshushwa nyingi kutoka nyanda za juu kusini. Ndani yake kuna mkazo. Unapoupasua kwa urefu, utaona ule mwanya uliokatwa badala ya kubaki wazi unaanza kujifunga nyuma ya diski, na pande mbili za ubao zinayabana meno ya nyuma. Meno hayo yanapanda juu yakielekea kwako, kwa hiyo yakiukamata ubao yanauinua na kuurusha upande wa mpasuaji. Mkono uliokuwa ukiusukuma hubaki bila kitu cha kushikilia na kuangukia kwenye diski. Mashine za kiwandani huja na kibati cha chuma kinachosimama nyuma tu ya diski, chembamba kidogo kuliko mwanya unaokatwa, ambacho kazi yake ni kuzuia mwanya usijifunge. Mafundi wengi hukifungua siku ya kwanza na kukitupa kwenye boksi la misumari kwa sababu kinawachelewesha. Kirudishe. Kama mashine yako ni ya kuchomelewa, mwambie aliyeitengeneza akuwekee, kwa kuwa ni kazi ndogo kwa mtu anayejua kuchomelea.

Diski nayo isitokeze juu sana; meno yapite uso wa ubao kwa milimita chache, na kiongozi cha pembeni, kile ambacho ubao huegemea unaposukumwa, kiwe sambamba na diski kutoka mbele hadi nyuma, kwani kikibana kwa nyuma hata kidogo, kinafanya kosa lilelile la ubao wenye mkazo. Simama pembeni ya mstari wa diski, usisimame nyuma yake. Kipande kikikaribia kuisha, sukuma kwa kijiti kilichochongwa ncha yenye pembe ya kukamata ubao. Kijiti hicho kitengenezwe mapema na kitundikwe mezani, maana hakuna anayezima mashine katikati ya mpasuo kwenda kutafuta kijiti; atasukuma kwa kidole gumba. Mbao zilizotoka kwenye kufungia zege zipigwe brashi ya waya na kukaguliwa misumari kabla hazijafika mezani.

Grinda inastahili maneno makali. Grinda ndogo ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, ilhali diski ya milimita 230 ya kukatia chuma kwa kawaida imeandikwa kikomo cha mizunguko 6,600. Anayeondoa kava ili diski kubwa iingie kwenye grinda ndogo anaizungusha kupita kikomo chake kwa mbali, na ikipasuka vipande havichagui pa kwenda. Kufunga diski ya meno ya mbao kwenye grinda ni kosa baya zaidi, nami simruhusu mtu afanye hivyo mbele yangu hata kama mteja anasubiri mlangoni. Tazama pia ile pete ya chuma katikati ya diski ya kukatia: nyingi zimegongwa mwezi na mwaka wa kuisha muda, kwa sababu gundi inayoshika chembe zake hudhoofika, hasa ikikaa mahali penye unyevu kama huku pwani.

Kuhusu mavazi nitasema kwa ufupi. Miwani ya kukinga macho ni lazima. Glavu zivuliwe kwenye msumeno wa meza na kwenye drili ya kusimama, maana kitambaa kikinaswa huvuta mkono mzima. Mikono ya shati ikunjwe, saa na pete zikae mfukoni. Vumbi nalo lisidharauliwe. Tangu mwaka 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya pua, na aliyewahi kupiga msasa mvule bila barakoa anajua jinsi kifua kinavyobana.

Ajali ikitokea pamoja na hayo yote, zima mashine, bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi na uinue mkono juu ya usawa wa moyo. Usipake mafuta ya taa, majivu wala kahawa. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu isiguse nyama, kwa kuwa huiua. Kipelekwe hospitali pamoja na mgonjwa hata kama unaona hakifai, kwa sababu uamuzi huo ni wa daktari. Kwa waajiri wa Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2008 iliweka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwenye karakana anayeajiri vijana anatakiwa kujisajili na kuchangia. Fanya hivyo sasa, na namba ya dereva aliye karibu na karakana iandikwe ukutani, juu ya swichi kuu.