Ukienda Rioja, anzia mtaa wa kituo cha treni

Kila anayeniuliza kuhusu Rioja, eneo la mvinyo kaskazini mwa Hispania, huniuliza kwanza habari za ile hoteli ya kijiji cha Elciego yenye paa la chuma lililopindapinda, kazi ya msanifu majengo Frank Gehry, iliyofunguliwa mwaka 2006. Jengo linapendeza, sikatai, na kiwanda cha Marqués de Riscal chenye eneo hilo kinatengeneza mvinyo tangu 1858. Lakini kama una siku mbili tu na nia yako ni kuujua mvinyo wenyewe, hoteli isubiri. Nenda mji wa Haro, vuka mto Tirón, ingia mtaa unaoitwa Barrio de la Estación, yaani mtaa wa kituo, halafu sahau habari za gari.

Mtaa huo ulizaliwa na reli. Treni ilifika Haro miaka ya 1860, na katika miaka hiyohiyo mdudu filoksera alianza kuiangamiza mizabibu ya Ufaransa kwa kushambulia mizizi. Wafanyabiashara wa Bordeaux, wakiwa na wateja lakini hawana mvinyo, wakashuka kusini kununua wa Rioja. Maghala yakajengwa kando ya reli ili mapipa yapakiwe kwenye mabehewa hadi Bilbao. Viwanda vya mvinyo vikafuata: López de Heredia wakaanza mwaka 1877, CVNE 1879, La Rioja Alta 1890. Wote wapo hadi leo, geti kwa geti. Pesa iliingia kiasi kwamba Haro iliwasha taa za umeme barabarani mwaka 1890, miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa Hispania. Baadaye Wafaransa wakarudi kwao, mdudu yule akafika Rioja kwenyewe, biashara ikayumba. Walichoacha ni desturi ya kulaza mvinyo ndani ya pipa la mwaloni la lita 225.

Pipa hilo ndilo linaloeleza bei, ladha, na hata maneno yaliyoandikwa kwenye chupa. Kwa mvinyo mwekundu, Crianza hukaa miaka miwili kabla ya kuuzwa, mmoja kati yake ndani ya pipa. Reserva ni miaka mitatu, na pipa angalau mwaka mmoja. Gran Reserva ni mitano: miwili ya pipa na miwili ya chupa kwa uchache. Hayo ni masharti ya chini tu. Nyumba za zamani, yaani viwanda vikongwe vya mvinyo, huyazidi mbali. Viña Tondonia Reserva ya López de Heredia hukaa kwenye mapipa takriban miaka sita. Kwa maneno mengine, mwenye kiwanda amefungia mtaji wake gizani muda wote huo, na wewe unaikuta chupa iko tayari kunywewa jioni hiyohiyo. Ndiyo maana nasema Reserva ya nyumba kongwe ni miongoni mwa vitu vinavyouzwa kwa bei ya haki Ulaya.

Gran Reserva je? Usiikimbilie kwa sababu ya jina. Ikiwa hujazoea mvinyo mzee, ile harufu ya ngozi, tumbaku na majani makavu inaweza kukukatisha tamaa, hasa kama ulitegemea tunda. Anza na Crianza, panda taratibu. Wala usiidharau chupa yenye lebo ya kijani isiyo na cheo chochote. Humo mna mvinyo mchanga wa bei rahisi, ndiyo, lakini mna pia kazi za mafundi hodari ambao hawataki kupangiwa ratiba ya pipa. Upande wa mji wa Laguardia wakulima wadogo huchachusha vichala vizima bila kuvichambua, wakapata mvinyo mwekundu laini unaonukia matunda, wa kunywa mwaka huohuo. Huo mimi naupenda mchana, pamoja na chakula.

Ukitembelea chini ya ardhi kwa López de Heredia, angalia juu. Utando wa buibui umening'inia kama nguo kuukuu, mweusi, mzito, na hakuna anayeufagia. Wanauacha kwa makusudi: buibui hula nondo wanaotoboa vizibo. Ukungu umefunika kuta, hewa ni baridi na yenye unyevu, na mahali pengine humohumo mafundi wanaunda na kukarabati mapipa ya nyumba. Muga, kiwanda kingine hatua chache kutoka hapo, wana mafundi wao wa mapipa, na bado wanasafisha mvinyo kwa ute wa mayai halisi. Ute huzama polepole ukivuta chembechembe na ule ukali unaokausha ulimi.

Sasa mambo ya kufanya. Weka nafasi mapema, hasa mwezi wa tisa na wa kumi wakati wa mavuno. Sisi tuliozoea habari za Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, tunasahau kuwa kule mavuno ni mara moja tu. Wiki hizo kila mtu ana kazi. Ziara mbili kwa siku zinatosha, moja asubuhi na moja alasiri. Kuanzia saa nane mchana Wahispania wanakula, na mlango uliofungwa hautafunguliwa kwa sababu umetoka mbali. Unapoonja, tema. Ndoo imewekwa kwa kazi hiyo na hakuna atakayekuona huna adabu. Baadhi ya nyumba za mtaa huo zina baa ambapo unalipia glasi bila kufanya ziara, na hapo ndipo pa kujaribu chupa ghali kabla hujatoa pesa.

Jioni panda hadi mjini, eneo la La Herradura, ule vitafunwa vidogovidogo baa moja baada ya nyingine. Kama unalala Logroño, mji mkuu wa Rioja, barabara ya kwenda ni Calle Laurel, na uyoga wa kukaanga wenye kamba mdogo juu yake usikupite.

Kuhusu kununua, ushauri wangu utawashangaza wengine: chukua mweupe. Zabibu ya Viura iliyokomaa miaka mingi kwenye pipa hutoa mvinyo wa rangi ya dhahabu wenye ladha ya lozi na nta, na ni wachache wanaoutengeneza hivyo siku hizi. Chupa zifunge ndani ya nguo, katikati ya begi la kupakiwa. Ukifika nyumbani, ile ya zamani isimamishe wima siku nzima ili machicha yatulie chini, halafu fungua bila haraka, kwa sababu kizibo cha miaka ishirini humeguka.